Kishindo Chini ya Pikapu: Kabla ya Kununua Difu

(Maandishi ya mazungumzo waliyopewa makatibu, watunza ghala na madereva wa vyama vya msingi)



Kisa kifuatacho kinajulikana katika vyama vingi, ingawa majina ya watu na vijiji hubadilika. Chama cha msingi kina pikapu moja. Pikapu hiyo ndiyo ipelekayo mbolea kwa wakulima, ndiyo ichukuayo mizani na magunia matupu wakati wa ununuzi, ndiyo imfikishayo mtunza fedha benki. Na usiku mwanachama anapozidiwa na ugonjwa, ndiyo imbebayo hadi zahanati. Siku moja dereva anamweleza katibu kwamba gari linagonga kila linapoondoka. Katibu anaandika katika kumbukumbu zake: "Gari linagonga." Gari linapelekwa mjini. Fundi analiendesha hatua chache, anasikiliza, kisha anasema, "Hii ni difu." Kamati inakutana, fedha za akiba zinatolewa, difu iliyokwisha kutumika inanunuliwa na kufungwa. Gari linaanza safari ya kurudi kijijini. Linasimama kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, na linapoondoka linagonga vile vile.

Si lazima fundi huyo awe mwizi. Kishindo kilitoka upande wa nyuma, na difu iko nyuma. Basi akafuata sikio lake. Lakini chuma hupitisha sauti, na mlio unaozaliwa katikati ya gari waweza kusikika kana kwamba umetoka mkiani. Kosa lilianza mapema zaidi, katika yale maneno mawili ya katibu. Fundi aliyeambiwa kwamba gari linagonga ameambiwa jambo dogo sana. Alipaswa kuambiwa linagonga lini.

Mkulima aliyelima kwa maksai hahitaji maelezo marefu juu ya asili ya kishindo. Mnyororo ukiwa umekaza, ng'ombe huanza kuvuta na jembe hufuata kwa upole. Mnyororo ukiwa umelegea, ng'ombe hupiga hatua bila mzigo, kisha mnyororo hukaza ghafla na jembe lote hushtuka. Ndani ya gari mambo ni hayo hayo. Nguvu ya injini hupita katika klachi na giaboksi, ikaingia katika propela, ikafika kwenye difu, na kutoka humo ikaenda kwa ekseli hadi magurudumu. Kila mahali chuma kinapoungana na chuma pana nafasi ndogo iliyoachwa kwa makusudi. Nafasi hiyo ikipanuka kwa kulika, chuma cha mbele huzunguka bure kidogo, kikapata kasi, ndipo kikakipiga cha nyuma. Katika gia ya kwanza giaboksi huzidisha nguvu ya injini kiasi cha mara nne. Ndiyo sababu gari lililo kimya barabarani hugonga kwa nguvu likiondoka na mzigo mlimani.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kutafuta mahali penye ulegevu, na kazi hiyo haigharimu hata senti moja. Aghalabu sauti yenyewe huonyesha njia, ikiwa dereva amefunzwa kuisikiliza. Kishindo kimoja wakati wa kuachia klachi, na kingine wakati wa kubadili kutoka gia ya mbele kwenda ya kurudi nyuma, kinaelekeza kwenye krosi za propela, au mipira inayoshika injini na giaboksi, au yubolti za springi, au difu. Kishindo kinachokuja baada ya gari kusimama kabisa, mfano wa mtu aliyeligonga kwa nyuma, kina chanzo chake maalumu ambacho kitaelezwa. Mlio mwembamba wa kukwaruza au kulia kama panya, unaofuata mwendo wa gari na kusikika zaidi likirudi nyuma polepole, mara nyingi ni krosi iliyokauka. Mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani na kutoweka ukipita mwendo huo ni dalili ya propela iliyopinda au kukosa ulinganifu, au ya beringi ya katikati.

Hapana budi kwanza kuondoa vitu vinavyodanganya. Madereva wengi wamelala chini ya gari asubuhi nzima wakitafuta kishindo cha tairi la akiba lililolegea kwenye mnyororo wake, au cha jeki inayocheza nyuma ya kiti. Mlango wa nyuma wa bodi nao hugonga. Vitu vyote vitolewe, tairi la akiba lishushwe, kisha gari lijaribiwe tupu. Jaribio la pili ni kupita juu ya matuta yale yale mara mbili kwa mwendo wa pole: mara ya kwanza gari likivuta, mara ya pili klachi ikiwa imekanyagwa. Ikiwa linagonga mara zote mbili kwa namna moja, aibu hiyo si ya propela wala difu. Itafutwe katika springi, bushi zake na shokapu.

Baada ya hapo ndipo mtu aingie chini ya gari, na hapa lazima usalama utangulie. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiliwe kwa magogo au mawe mbele na nyuma, gia iwe huru, injini izimwe, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule aliye chini. Asiingie mtu kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Ipo hatari moja ambayo wengi hawaifahamu: Land Rover za zamani, na magari mengine ya aina hiyo, zina breki ya mkono iliyofungwa nyuma ya giaboksi, haiko kwenye magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu lizunguke, na gari laweza kuteremka ijapokuwa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho.

Krosi ni ule msalaba mdogo wa chuma unaounganisha ncha za propela. Wafaransa huiita kwa jina la Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia aliyefariki mwaka 1576. Robert Hooke wa Uingereza naye aliieleza katika karne ya 17. Kila ncha ya msalaba imekaa ndani ya kikombe chenye beringi nyembamba kama sindano. Grisi ikiisha, au maji ya mto yakiingia, sindano hizo hushika kutu, hula chuma, na hatimaye huwa unga. Ukaguzi wake ni rahisi. Mkono mmoja ushike propela, wa pili ushike sikio lililo upande wa pili wa krosi, kisha mikono hiyo izungushwe kinyume, kushoto na kulia. Halafu propela iinuliwe na kushushwa kwa nguvu, na ikibidi kwa msaada wa mtaimbo. Krosi nzima haina ulegevu wowote unaohisika mkononi. Ikicheza, hata kidogo, imekwisha. Tena macho yatazame midomo ya vikombe: unga mwekundu wa kutu uliojikusanya hapo ni ushahidi usiohitaji shahidi wa pili.

Krosi ikionekana ngumu upande mmoja na laini upande mwingine, hiyo pia imeharibika, ingawa haigongi bado.

Kubadili krosi ni kazi ambayo fundi wa kijijini mwenye jiliwa na nyundo aweza kuifanya vizuri, mradi asiharakishe. Kabla ya kufungua bolti yoyote, aweke alama ya rangi au ya patasi kwenye flanji ya propela na ile ya difu, na vile vile kwenye mahali propela inapoteleza ndani ya nusu yake nyingine. Alama hizi mafundi wengi huzidharau, na ndizo zinazoleta matata baadaye. Krosi moja ikifanya kazi ikiwa imeinama, haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili imewekwa ili kulifuta kosa la ile ya kwanza, nayo hufaulu pale tu ambapo masikio ya ncha mbili za propela yameelekea upande mmoja. Propela ikirudishwa meno yake yakiwa yamehama, gari litatetemeka, na hata zikinunuliwa krosi mpya kumi halitapona.

Pete za kufungia vikombe zitolewe, vikombe visukumwe nje kwa jiliwa, na matundu yasafishwe. Wakati wa kuingiza krosi mpya sindano zishikwe kwa grisi zisianguke. Ikiwa pete haiingii katika mfereji wake, aghalabu sindano moja imelala chini ya kikombe; hapo kikombe kitolewe na sindano isimamishwe, wala nyundo isitumike kulazimisha. Chuchu ya grisi ielekee mahali ambapo bomba litafika gari likiwa limekamilika. Mwisho grisi ipigwe hadi ionekane ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikibaki kimoja kikavu, hicho ndicho kitakachokufa kwanza.

Sasa kile kishindo kinachokuja gari likiwa limekwisha simama. Ekseli ya nyuma hupanda na kushuka pamoja na springi, na kwa sababu hiyo urefu wa propela hubadilika kila wakati. Ili iweze kurefuka na kufupika, imetengenezwa kwa sehemu mbili zenye meno, moja ikiteleza ndani ya nyingine. Meno hayo yakikauka, hung'ang'ania. Dereva anapofunga breki, springi za nyuma hujikunja kwa mzigo wa breki; gari linaposimama au kuanza tena kwenda, springi hujiachia, na yale meno yaliyoshikamana huteleza ghafla. Ndipo kishindo husikika, kikubwa kiasi cha kumfanya dereva ageuke kutazama ni nani aliyemgonga. Dawa yake ni grisi, na katika sehemu hii grisi nyeusi yenye molibdeni hudumu zaidi. Lakini kiasi kizingatiwe. Mwenye kusukuma bomba bila kikomo huijaza nafasi ya ndani hata propela ikashindwa kufupika. Gari likitumbukia shimoni, nguvu yote huelekea kwenye beringi za giaboksi na difu. Ikiwa baada ya kupigwa grisi meno bado yanacheza kushoto na kulia mkononi, ukimya utakaopatikana ni wa majuma machache tu. Meno yamelika, na propela inahitaji kubadilishwa.

Pikapu ndefu nyingi zina propela ya vipande viwili, iliyoshikwa katikati na beringi iliyo ndani ya mpira. Mpira ukichanika, propela hurukaruka na kupiga chasisi, hasa gari likiwa na mzigo. Mpira huo huonekana kwa macho, wala hauna siri.

Kadhalika yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi hulegea, hasa baada ya springi kutolewa kwa matengenezo. Ekseli ikipata nafasi ya kusogea, hujipinda kila gari linapoondoka na kugonga kama difu mbovu. Chuma kinachong'aa kando ya bamba la springi, mahali ambapo palipaswa kuwa na vumbi na kutu, huonyesha kwamba vitu vinasuguana. Dawa ni spana na mkono wenye nguvu, kisha kukaza tena baada ya siku chache za kazi. Kuhusu mipira ya injini na giaboksi, boneti ifunguliwe, mtu asimame kando ya gari na si mbele yake, na dereva, breki zikiwa zimekanyagwa kwa nguvu, aachie klachi kidogo sana katika gia ya kwanza, kisha katika gia ya kurudi nyuma. Injini nzima huinama kidogo. Injini iliyopoteza mpira huruka.

Difu huja mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyo ghali na ndiyo isiyokosea mara kwa mara kama isemwavyo. Flanji yake ikizungushwa kwa mkono huwa na ulegevu kidogo hata ikiwa mpya, kwa sababu meno ya krauni na pinioni huachiwa nafasi; katika pikapu nyingi ndogo nafasi hiyo ni kama milimita 0.13 hadi 0.18, na meno mengine ya ndani yana nafasi zake. Fundi anayemwonyesha katibu kwamba flanji inacheza hajathibitisha neno lolote. Ulegevu wa kutia shaka ni ule wa flanji kwenda juu na chini, au kuingia na kutoka; hapo beringi za pinioni zimelika. Oili nayo ina usemi wake. Itolewe katika chombo safi na kutazamwa. Tope laini la kijivu kwenye kizibo ni la kawaida. Vipande vinavyoshikika baina ya vidole, mfano wa chenga za mchele, ni meno yaliyovunjika, na hapo difu haina budi kufunguliwa.

Tena chama kinachonunua difu iliyotumika kihesabu meno yake kabla ya kulipa. Magari ya aina moja hutengenezwa kwa uwiano mbalimbali. Katika gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma zikiwa na uwiano usiolingana hushindana siku ile dereva atakapoingiza gia ya mbele kwenye tope, na matokeo yake ni kuvunjika kwa chuma. Hata difu zilizolingana hazipendi gia hiyo kwenye barabara kavu ya lami. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi njia moja katika kona, chuma hujisokota, kisha hujiachia kwa kishindo. Dereva aitoe gia hiyo mara atokapo matopeni, na kishindo kitakwisha bila fundi.

Huenda mwanachama akauliza kwa nini gari lisiendelee kugonga madhali linakwenda. Jibu lake liko katika hesabu. Gari ambalo gurudumu lake lina mzingo wa mita 2.2 na difu yake ina uwiano wa 4 kwa 1, likienda kilomita 60 kwa saa, propela yake huzunguka zaidi ya mara 1,800 kwa dakika. Krosi ikikatika upande wa nyuma, bomba hilo la chuma hupiga kila kilicho karibu nalo, pamoja na mabomba ya breki na tangi la mafuta. Ikikatika upande wa mbele, ncha yaweza kuanguka barabarani, ikajichomeka ardhini na kuinua mkia wa gari. Na nyuma ya pikapu ya chama, kama kila mtu ajuavyo, mara nyingi huwa wameketi watu. Kwa sababu hiyo hiyo propela iliyovunjika isiungwe kwa kulehemu kando ya njia, wala krosi isijazwe vipande vya ngozi. Gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne, ambalo propela zake zimefungwa kwa flanji pande zote, laweza kutolewa propela ya nyuma na kurudishwa nyumbani polepole kwa magurudumu ya mbele. Gari la magurudumu mawili livutwe.

Iliyobaki ni kazi ya ofisi. Daftari la gari liandike kilomita, siku ya grisi, na dalili kwa maneno ya dereva: linagonga likiondoka, au likisimama, likiwa na mzigo au tupu, katika gia ipi. Krosi na sehemu ya kuteleza zipigwe grisi kila kilomita 5,000, isipokuwa kitabu cha gari kikitaka mapema zaidi, na tena baada ya kila safari ambayo maji yalifika kwenye propela. Bomba la grisi liwe mali ya ghala, lenye kuandikwa kama mizani ilivyoandikwa. Chama kisicho na bomba hilo humtegemea fundi wa mjini kwa kazi ya nusu saa. Anayekwenda kununua krosi achukue ile ya zamani mkononi, alinganishe upana wa kikombe na urefu wa msalaba, maana namba za magari hufanana na krosi zisifanane. Na hati ya malipo yenye maneno "matengenezo ya propela" tu isipitishwe. Iandikwe ni krosi ipi, ya mbele au ya nyuma, na kitu kilichotolewa kirudi chamani pamoja na gari.

Katika kile kisa cha mwanzo, aliyegundua ubovu alikuwa dereva mwenyewe, juma moja baada ya safari ya mjini. Alilala chini ya gari, akaishika propela karibu na difu mpya na kuizungusha, nayo ikacheza. Kwenye kikombe kimoja palikuwa na unga mwekundu. Krosi ilibadilishwa pale pale kijijini chini ya mwembe, gari likajaribiwa na magunia ishirini, likaondoka kimya. Ndipo katibu alipoulizia difu ya kwanza, ile iliyotolewa ikiwa haina kosa. Ilikuwa imeachwa gereji, na katika hati ya malipo haikutajwa mahali popote.